Nyimbo Zetu Mtandaoni: Pesa Inafuata Jina la Nani?

Vikundi vingi vimetuuliza swali la namna moja. Kwaya imerekodi nyimbo nane. Akina mama wa ngoma wamerekodiwa na kijana wa kijijini. Vijana wa gitaa wametoa wimbo wao wa kwanza. Kisha mtu akawaambia: wekeni kwa mtandao, mtalipwa kila mara wimbo unapochezwa. Wanatuuliza, hayo ni kweli? Na kama ni kweli, mbona hawajaona kitu?

Jibu letu ni kwamba ni kweli, pesa ipo. Lakini ni kidogo kuliko mnavyoambiwa, tena haiendi kwa aliyeimba. Inaenda kwa yule ambaye jina lake limeandikwa kwenye akaunti. Udogo wa pesa kikundi kinaweza kuuvumilia. Hili la jina ndilo tumeona likivunja watu.

Tulitembelea kwaya moja ambayo hatutaitaja. Ni waimbaji 22. Kila mmoja alitoa shilingi 1,000 na wengine waliuza kuku, wakapata pesa ya studio. Nyimbo zilipokuwa tayari, kijana mmoja aliyejua mambo ya simu akaziweka mtandaoni kwa barua pepe yake na namba yake ya simu. Hakuna aliyeona ubaya. Yeye ndiye aliyejua, nani mwingine angefanya? Baada ya miaka miwili kijana akapata kazi Ghuba, akaenda. Ile laini ya simu ikafungwa. Wakati huohuo wimbo mmoja ukaanza kupendwa kwenye harusi, na watu walio ng'ambo wakausikiliza sana. Leo kila mwenye simu anaweza kuona wimbo umechezwa mara ngapi. Pesa inaonekana kwamba iko, lakini kuifikia kunahitaji namba ya siri inayotumwa kwa laini ambayo haiko tena. Kijana anasema amesahau neno la siri. Wengine wanasema anakula pesa peke yake. Mama yake ni mwimbaji wa sauti ya pili katika kwaya hiyohiyo, na tulipofika alikuwa ameacha kuja mazoezi ya Alhamisi.

Kwa hivyo tumeandika somo hili. Someni pamoja, na mwenye kikokotoo cha simu akae karibu.

MAZIWA YOTE TANGI MOJA

Wanaopeleka maziwa kwa ushirika wataelewa jambo hili upesi kuliko watu wa mjini. Asubuhi unapeleka lita zako, mwenzako analeta zake, zote zinamwagwa katika tangi moja. Huwezi kusema maziwa yangu yalinunuliwa na mama fulani wa Nakuru. Ushirika unauza yote, unatoa gharama yake, halafu mwisho wa mwezi unagawa kulingana na lita. Bei ya lita huijui mpaka hesabu ifungwe.

Mitandao mikubwa ya muziki inafanya karibu vivyo hivyo. Chukueni Spotify, kampuni ya Sweden iliyoanza kutoa huduma mwaka 2008 na kufika Kenya Februari 2021. Pesa yake inatoka sehemu mbili: wasikilizaji wanaolipa kila mwezi, na matangazo wanayosikia wale wasiolipa. Pesa hiyo inawekwa pamoja. Kampuni inabaki na kama theluthi moja, na kama theluthi mbili inaenda kwa wenye nyimbo. Halafu wanahesabu: nyimbo zote zilichezwa mara ngapi mwezi huu, na zako ni ngapi kati ya hizo? Fungu lako ni hilo. Kwa hivyo mtu akiwaambia "wanalipa shilingi fulani kila mchezo", muulizeni ni ya mwezi gani na ya nchi gani. Hakuna bei iliyoandikwa ukutani.

Tufanye mfano, na hizi ni namba za kujifunzia tu. Tuseme fungu la wenye nyimbo mwezi huu ni shilingi milioni 10, na nyimbo zote zimechezwa mara milioni 50. Kila mchezo umeangukia senti 20. Wimbo wenu umechezwa mara 6,000. Hiyo ni shilingi 1,200. Aliyewapelekea wimbo huko (tutamfikia) akate asilimia 9, ambayo ni shilingi 108. Mmebaki na 1,092. Mkigawana watu 22, kila mmoja anapata chini ya shilingi 50. Pakiti ya unga hainunuliki.

Sasa tazameni mambo matatu ambayo watu wengi hawaambiwi.

La kwanza ni nchi. Tangi si moja la dunia nzima. Msikilizaji wa Kenya analipa kidogo kuliko wa Marekani. Spotify ilipofika hapa mwaka 2021, mtu mmoja alilipa shilingi 299 kwa mwezi, na Marekani wakati huo ilikuwa dola 9.99, yaani zaidi ya shilingi 1,000 za siku hizo. Kwa hivyo mchezo mmoja wa binamu yenu aliye Minnesota unaweza kuleta zaidi ya mchezo mmoja wa jirani. Wale watu wenu walio mbali, ambao mnawakumbuka wakati wa harambee tu, watumieni wimbo pia.

La pili ni idadi. Msikilizaji akikatiza kabla ya sekunde 30, hapo Spotify haihesabu. Tena tangu mwaka 2024 wimbo ambao haujachezwa mara 1,000 katika miezi 12 iliyopita hauingii kwenye mgao wa rekodi kabisa. Fikirini maana yake kwa kwaya. Nyimbo nane, kila moja ikichezwa mara 900, jumla ni mara 7,200, na hamtapata hata senti. Wimbo mmoja ukichezwa mara hizohizo 7,200 unalipwa. Kwa sababu hiyo sisi hatupendi kuona kikundi kikimwaga albamu nzima mtandaoni siku moja kisha kikakaa kungoja. Toeni mmoja. Uimbwe mazishini, harusini, sokoni, kwa redio ya mtaa ikiwezekana. Ukishika, toeni wa pili.

La tatu ndilo linalotusumbua sisi wenyewe. Tuseme jirani yenu analipa ada yake kila mwezi na hasikilizi mtu mwingine ila ninyi. Mngedhani pesa yake inakuja kwenu. Haiji. Inaingia tangini, na sehemu kubwa inaenda kwa wale wanaochezwa mamilioni ya mara. Wanamuziki wengi wa Ulaya na Marekani wamelalamikia jambo hili kwa miaka. Mwaka 2021 SoundCloud ilibadilisha mtindo kwa wanamuziki wanaojitegemea: pesa ya msikilizaji inagawanywa kwa wale aliowasikiliza yeye mwenyewe. Mitandao mingi bado iko na tangi.

Na mahali penye tangi hapakosi mtu wa kutia maji. Kuna watu wanawauzia vijana michezo: leta shilingi elfu mbili, wimbo wako utachezwa mara elfu kumi. Wanaosikiliza si watu, ni mashine. Kama vile ushirika unavyopima maziwa kwa kipimo, mitandao nayo inapima. Wimbo unaweza kuondolewa, na tangu 2024 Spotify inamtoza faini msambazaji ambaye nyimbo zake zina michezo ya uongo iliyokithiri. Msambazaji naye atawageukia ninyi. Msinunue.

NJIA YA KUFIKA TANGINI

Huwezi kwenda Spotify au Apple Music na wimbo wako mkononi. Lazima upitie kwa msambazaji. Hapa ndipo akaunti inapofunguliwa, na hapa ndipo kwaya yetu ilipokosea.

Wasambazaji ni wengi na wanadai kwa njia tofauti. CD Baby, iliyoanza mwaka 1998, inatoza mara moja unapopeleka wimbo, halafu inabaki na asilimia 9 ya mapato. DistroKid inadai ada ya kila mwaka na haikati mapato ya kawaida ya kusikilizwa. Hiyo inaonekana nzuri, lakini ulizeni swali moja: tusipolipa mwaka ujao, nyimbo zitabaki? Kwa mpango wa kawaida zitaondolewa. Kikundi ambacho mweka hazina wake hubadilishwa kila mwaka kinaweza kusahau ada hiyo kwa urahisi sana. Kwa kikundi chenye wimbo mmoja au miwili, sisi tungechagua kulipa mara moja. Kwa kijana anayetoa wimbo kila mwezi, ada ya mwaka ina faida.

Msambazaji huupa kila wimbo uliorekodiwa namba yake ya kimataifa yenye herufi na tarakimu 12, inaitwa ISRC. Ni kama hereni ya sikio la ng'ombe. Ng'ombe akihama boma, hereni haibadiliki. Mkihamia msambazaji mwingine, pelekeni wimbo kwa namba ileile, ili hesabu ya michezo isianze upya. Andikeni namba hizo daftarini siku mnapozipata.

Mtaulizwa pia fomu ya kodi. Wengine huiruka kwa sababu ina Kiingereza kigumu. Msiiruke. Kenya haina mkataba wa kodi na Marekani, na mapato yanayotoka kwa wasikilizaji wa Marekani yanaweza kukatwa asilimia 30. Mkiyajua hayo mapema hamtamshuku mweka hazina siku pesa ikija pungufu.

WIMBO MMOJA, MALI MBILI

Wazee wetu wa gitaa walikwenda River Road, Nairobi, wakaimba, wakalipwa mara moja, wakarudi nyumbani. Rekodi ikabaki ya mwenye studio. Wengi hawakujua kwamba waliuza vitu viwili kwa bei ya kimoja.

Kitu cha kwanza ni utunzi, yaani maneno na sauti ya wimbo. Huo ni wa mtunzi. Kitu cha pili ni ile rekodi iliyofanywa studio. Hiyo ni ya aliyeigharamia, au ya wale waliokubaliana. Pesa inayopitia kwa msambazaji ni ya rekodi hasa. Mtunzi ana fungu lake lingine, linalokusanywa na vyama vya mirabaha, pamoja na kile kinachotozwa redio, hoteli na matatu. Vyama hivyo lazima viwe na leseni ya Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO. Kabla ya kujiunga na chama chochote, ulizeni KECOBO kama kina leseni ya mwaka huu. Tunasema ya mwaka huu kwa sababu leseni hizo zimeleta mvutano mwingi, na karatasi ya zamani haisaidii.

Kwa sheria ya Kenya hakimiliki inaanza pale wimbo unapoandikwa au kurekodiwa, hata kama hamjausajili. Lakini kuusajili KECOBO kunawapa karatasi ya kuonyesha siku mtu akidai wimbo ni wake. Haki ya mtunzi inadumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Hapa kwaya nyingi zimo hatarini bila kujua. Tenzi za kale kabisa zinaweza kuwa huru, lakini ule wimbo mzuri mlioufundishwa na mwalimu wa kwaya ya dayosisi jirani una mwenyewe. Yeye yu hai, au watoto wake wapo. Kuuimba ibadani si shida. Kuurekodi na kuuweka mtandaoni bila ruhusa yake iliyoandikwa ni shida. Na ninyi vijana, mdundo uliochukuliwa hivihivi mtandaoni ni mali ya mtu. YouTube ina mashine ya kutambua sauti, na mwenye mdundo anaweza kuchukua mapato yote ya video yenu kwa njia halali kabisa.

DAFTARI KABLA YA SIMU

Kabla mtu hajagusa simu, kaeni kikao. Tunapendekeza kikao kizima kwa jambo hili peke yake, si dakika kumi za mwisho baada ya michango.

Andikeni nani alitunga. Andikeni nani alilipia studio na kiasi gani. Andikeni mpiga kinanda alilipwa siku hiyo na kwisha, au ana fungu. Swali hili la mpiga kinanda huwa linaleta maneno, afadhali maneno hayo yaje sasa wakati hakuna pesa mezani. Kisha amueni fungu la kila mmoja kwa asilimia, na fungu la mtu akihama au akifariki. Kikundi kimoja kiliamua mapato yote yabaki mfukoni mwa kikundi hadi yafike shilingi 10,000 ndipo yagawanywe, maana kugawana shilingi 50 ni kutafuta ugomvi bure. Tuliona ni busara.

Na mwenye studio je? Mwambieni aandike barua fupi kwamba amelipwa na hana dai juu ya rekodi, au kama ana dai, ni asilimia ngapi. Asaini. Aliyesema "tutaelewana tu" ndiye wa kuogopwa kidogo.

Akaunti ifunguliwe kwa barua pepe ya kikundi, si ya mtu. Laini ya simu iwe ya kikundi, ikae na mweka hazina, itiwe pesa mara kwa mara isije ikafungwa. Neno la siri liandikwe karatasini, liwekwe kwenye bahasha iliyofungwa, ndani ya sanduku la kikundi pamoja na cheti cha usajili na kitabu cha benki. Malipo yaende kwa akaunti ya benki ya kikundi yenye sahihi tatu. Kila miezi mitatu katibu asome ripoti ya mapato mbele ya wote, hata kama ni shilingi 37. Watu wanavumilia udogo wa pesa. Kufichwa hawavumilii.

KUUZA BILA TANGI

Kuna njia nyingine ambazo msikilizaji anawalipa ninyi karibu moja kwa moja. Bandcamp, iliyoanza mwaka 2008, ni kama duka. Mnaweka albamu, mnataja bei, mnunuzi analipa. Duka linachukua asilimia 15, halafu kuna makato ya kupitisha malipo. Albamu ya dola 5 inaweza kuwaachia karibu dola 4, yaani kama shilingi 500. Kwa ule mfano wetu wa senti 20, mnunuzi mmoja ni sawa na michezo 2,500. Kasoro yake ni kwamba jirani wa kijijini hatanunua huko. Malipo yanapitia PayPal, ambayo tangu 2018 inaweza kutoa pesa hadi M-Pesa. Hilo ni duka la walio mbali na wapenzi wa muziki wa kale.

Wa kale, ndiyo. Joseph Kamaru wa Kangema, Murang'a, aliimba tangu miaka ya 1960 na akafariki Oktoba 2018. Mjukuu wake, ambaye ana jina hilohilo na katika muziki anajulikana kama KMRU, amezichukua rekodi za babu, akazisafisha na kuziweka Bandcamp na kwingineko, na mwaka 2025 mkusanyo wake ukatolewa na kampuni ya nje. Nyimbo za Kikuyu zilizokuwa kwenye santuri zinanunuliwa Ulaya. Ingewezekanaje kama familia isingejua ni zipi zao? Wazee wa vijijini wenye kaseti katika sanduku chini ya kitanda, waulizeni leo walirekodi wapi na walisaini nini.

Kuna pia milio ya simu, ile anayosikia anayekupigia. Sheria yetu inasema mwenye wimbo asipate chini ya asilimia 52 ya mapato ya milio hiyo. Kwa wimbo wa kwaya unaopendwa wilaya nzima, hii inaweza kuzidi tangi. YouTube nayo inagawa pesa ya matangazo, lakini kwa hilo mnahitaji wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa katika miezi 12, na malipo hayatumwi mpaka yafike dola 100.

Ile kwaya yetu imeanza kurekebisha. Kijana alipigiwa simu mbele ya watu wote, akakubali kuandika barua ya kuikabidhi kikundi akaunti. Waimbaji 22 wamesaini, wameambatisha risiti ya studio, waliyoipata ndani ya Biblia ya mwenyekiti, na barua imetumwa kwa msambazaji. Bado wanangoja jibu. Mama wa kijana alirudi mazoezini Alhamisi iliyofuata.

Maswali ya kujadili katika kikundi:

Nyimbo zetu ziko kwa barua pepe ya nani leo? Mtu huyo akihama kesho, nani mwingine anaweza kufungua?

Kati ya nyimbo tunazotaka kurekodi, ni zipi tulizotunga wenyewe, na ni zipi tutakazoombea ruhusa? Nani atakwenda kumwona mtunzi, na lini?

Risiti ya studio iko wapi?